Mti Gani?

Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023, serikali ilitupa likizo ya kupanda miti. Mimi nilikuwa Taita kwa nyanya yangu, juu huko karibu na Wundanyi, nikiandika makala za watu wengine kwa malipo ya kutumiwa kwa simu, kazi ambayo nimeifanya tangu niache chuo. Mwendo wa saa nne hivi vijana walipita na miche kwenye kreti ya soda, wakaacha mitano kila boma. Nyanya alitoka jikoni akipangusa mikono kwa leso, akaiangalia ile miche, akauliza swali moja.

"Mti gani?"

Kijana aliyebeba kreti akacheka. "Ni miti tu, nyanya. Miti ni miti."

Yule kijana simlaumu, maana hata tangazo la serikali lilihesabu miti tu. Mpango uliozinduliwa Desemba 2022 unataka miti bilioni 15 iwe imepandwa kufikia 2032. Bilioni 15 ya nini, hilo wengi hatukuuliza. Lakini swali la nyanya ni la zamani kuliko mpango huo. Ni swali ambalo picha zilizopigwa kutoka kwa ndege juu ya milima yetu zimekuwa zikijaribu kulijibu, mara nyingine bila wapigaji wenyewe kujua, tangu mwaka 1955.

Kwanza nikuonyeshe milima yenyewe. Milima ya Taita haipandi polepole. Ukiwa Voi uko kwenye nyanda kavu za Tsavo, vumbi jekundu na miiba, halafu matatu inaanza kupinda, unapanda, na ghafla unatafuta sweta. Kilele cha juu, Vuria, kina mita 2,208. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hauna kizuizi kikubwa njiani mpaka ukutane na sisi. Unapanda mlima, unapoa, unageuka ukungu, na ukungu huo ndio uliolea msitu. Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya safu ya milima iitwayo Tao la Mashariki. Ndugu zake wengine wote, Pare, Usambara, Uluguru, Udzungwa, wako Tanzania. Sisi tumebaki upande huu wa mpaka peke yetu.

Msitu uliojitenga kwa muda mrefu namna hiyo huzaa vitu vyake. Kuna ndege aitwaye kurumbiza wa Taita, na mwingine mdogo anayeitwa apalisi wa Taita, ambao hawapo popote pengine duniani. Kuna ua la zambarau, jamaa ya yale yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya, ambalo makao yake ni msitu wa Mbololo. Nikiwa mtoto sikujua haya. Nilichojua ni kwamba kuna sehemu za msitu ambazo hukati hata kijiti. Tunaziita fighi. Ni mahali pa wazee waliotangulia na pa ulinzi wa nchi. Ukimuuliza nyanya kwa nini fighi haikatwi, hakupi somo la ikolojia. Anakuuliza kama una akili timamu.

Leo msitu wa asili uliobaki ni vipande: Ngangao, Chawia, Mbololo, na vingine vidogo vilivyokaa kwenye vilele kama nywele kwenye kichwa cha mzee. Kati yake ni mashamba ya mahindi, migomba, nyumba za mabati, na miti iliyopandwa. Swali la kihistoria ni hili: vilikuwa vikubwa kiasi gani, na ni lini vikawa vipande? Mzee mmoja atakuambia msitu ulifika pale kanisani. Mwingine atasema ulikwisha zamani, kabla ya babu yake. Wote wanasema kweli kwa namna yao. Ndiyo maana watu walianza kutafuta shahidi aliyekuwa juu.

Shahidi huyo hakuletwa kwa sababu ya miti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na makoloni mengi na ramani chache za kuaminika. Mwaka 1946 ikaunda idara maalumu ya kupima makoloni, na ndege za kijeshi zilizokuwa na kazi ya vita zikapewa kamera. Ndege ilipita kwa mistari iliyonyooka, ikienda na kurudi kama mtu anayelima matuta, huku kamera iliyofungwa tumboni ikipiga picha moja baada ya nyingine. Kila picha ililazimika kurudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia, kwa kawaida asilimia 60 hivi. Hiyo haikuwa hasara ya filamu, ilikuwa ndiyo siri yenyewe. Kila kipande cha ardhi kinapigwa kutoka sehemu mbili, kama vile macho yako mawili yanavyokiona kikombe kutoka pembe mbili tofauti kidogo.

Hili nililiona kwa macho yangu mwaka wa pili chuoni, nikisoma jiografia. Mwalimu alileta kifaa cha miguu minne chenye lenzi mbili, akaweka chini yake picha mbili za rangi ya kijivu, akatuita mmoja mmoja. Nilipoinama niliona makaratasi mawili tu. Nikakodoa. Halafu, sijui nikuambieje, karatasi ikainuka. Bonde likazama na kilima kikanijia usoni. Nilirudi nyuma darasa zima likacheka. Mpaka leo nikiulizwa chuo kilinipa nini, maana cheti hakikunipa, huwa nakumbuka ile dakika.

Picha za angani za Taita za mwaka 1955 ni za aina hiyo: nyeusi na nyeupe, bila rangi hata chembe. Mtu angedhani haziwezi kusema lolote kuhusu aina ya miti. Lakini jicho lililofunzwa husoma vitu viwili, kiwango cha weusi wenyewe na mkwaruzo. Msitu wa asili una miti ya umri na urefu mbalimbali. Majitu yametokeza juu, mengine yamejificha kivulini. Kutoka juu unaonekana kama manyoya ya kondoo ambaye hajakatwa. Shamba la misonobari lililopandwa siku moja lina kimo kimoja na mistari. Linaonekana kama mkeka. Aliyepiga picha alitaka ramani. Bila kukusudia, aliacha ushahidi wa msitu.

Na wakati huo mikeka ilikuwa inaongezeka. Kwa miongo mingi, kabla na baada ya uhuru, miti ya kigeni ililetwa milimani: misonobari na saipresi za asili ya Mexico, mikalitusi, grevilea na miwati ya Australia. Sababu zake zilikuwa na mantiki. Palihitajika mbao, nguzo na kuni. Penye mawe, ambapo mahindi hayakubali, msonobari ulikubali. Na wakuu wa misitu walikuwa na hoja moja ambayo bado naiona ni ya busara: mtu akiwa na mti wa kukata karibu na nyumba, hataenda kukata ule wa msituni.

Babu yangu aliielewa hoja hiyo kuliko maofisa wenyewe. Alipanda mikalitusi chini ya shamba, kando ya kijito, kwa sababu pale ilikua kama imefukuzwa. Mti wa asili unaupanda unamwachia mjukuu. Mkalitusi unaupanda unauvuna mwenyewe. Paa la nyumba tunayolala lilitoka kwenye ile miti.

Sasa twende mwaka 2004. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, wakiongozwa na Petri Pellikka, walipiga picha mpya za milima kwa kamera ya kidijitali iliyofungwa kwenye ndege. Wakazichukua pamoja na zile za 1955 na nyingine za 1995, wakazipachika zote juu ya ramani moja mpaka kila kilele kikakaa mahali pake, kisha wakachora mipaka ya vipande vya msitu, kimoja kimoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009.

Niliyasoma kwenye simu, nikiwa nimekaa juu ya jiwe ambapo mtandao hushika. Nilisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Ukihesabu msitu wote, wa asili na wa kupandwa, eneo lililopotea kati ya 1955 na 2004 ni asilimia 2 tu. Karibu hakuna kilichotokea. Lakini ukitenganisha, msitu wa asili peke yake ulipungua kwa asilimia 50, hekta 260. Nusu nzima. Sehemu yake iligeuka mashamba ya chakula, nyingine ikafunikwa na miti ya kigeni, na miti ya kigeni iliyopandwa mahali pengine ikajaza hesabu.

Yaani hesabu mbili, za milima ileile na miaka ileile, na zote ni za kweli. Ile ya kwanza unaweza kuisoma mkutanoni na watu wakapiga makofi. Ile ya pili ni habari ya msiba. Tofauti yake ni swali moja tu: mti gani?

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria tofauti ya kuhesabu miti na kuhesabu wanyama, kwa sababu sisi watu wa Taita tunaishi katikati ya hizo kazi mbili. Huku chini Tsavo ndege ndogo zimekuwa zikihesabu ndovu kwa miongo mingi. Afrika Mashariki ni mojawapo ya mahali ambapo kazi hiyo ilikomaa. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti wakiwa ndani ya ndege iliyopakwa mistari ya punda milia. Januari 1959 Michael alifariki ndege hiyo ilipogongana na tai. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ikaunda kitengo chake cha kuchunguza nyanda za malisho, KREMU, na kuanzia 1977 ndege zake zikawa zinapita juu ya kaunti kavu, watu wakihesabu mifugo na wanyama pori kupitia dirishani. Kumbukumbu hizo ndizo zilizowawezesha Joseph Ogutu na wenzake kuonyesha, mwaka 2016, kwamba wanyama pori wa nyanda hizo walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68.

Lakini twiga hakufichi utambulisho wake. Ukimwona kutoka mita 100 juu, humwiti ng'ombe. Mti ni mnyenyekevu zaidi. Ukiwa juu unaona kijani, na kijani kinaweza kuwa mkulo wa miaka 200 au muwati wa miaka sita. Ili kujua, lazima ndege iwe na jicho ambalo binadamu hana.

Jicho hilo lilifika Taita. Kati ya mwaka 2012 na 2015, miezi ya Januari na Februari ambapo mvua za vuli zimepita na za masika hazijafika, ndege za utafiti za watu haohao wa Helsinki ziliruka juu ya milima zikiwa na vifaa vya aina mbili. Cha kwanza ni spektromita ya picha. Kamera ya simu yako hugawa mwanga katika rangi tatu, nyekundu, kijani na samawati, basi. Spektromita huugawa katika vipande vyembamba vingi sana, na huendelea hadi kwenye mwanga wa infraredi ambao hatuuoni kabisa. Jani lililo hai hurudisha infraredi kwa wingi, na kila aina ya jani hurudisha kwa namna yake, kulingana na maji yake, unene wake, jinsi linavyoning'inia. Kwetu sisi zote ni kijani. Kwa kile kifaa, mkalitusi na muwati ni kama watu wawili wenye sauti tofauti gizani.

Kifaa cha pili kinaitwa laida. Hiki hakingoji jua. Kinarusha chini miale ya leza, maelfu kwa maelfu kila sekunde, na kupima muda ambao kila mwale unachukua kurudi. Mwingine hugonga jani la juu na kurudi. Mwingine hupenya katikati ya matawi mpaka udongoni. Ukitoa kimo cha udongo kutoka kimo cha jani la juu, umepata urefu wa mti bila kuupanda. Ukiunganisha yote, unarudisha yale manyoya ya kondoo na ule mkeka wa 1955, ila safari hii kwa vipimo. Kwa njia hii watafiti waliweza, kufikia 2018, kuchora mahali ilipo mikalitusi na miwati milimani.

Ila kuna jambo moja ambalo picha za kompyuta hazikuonyeshi. Mashine haijui neno "mkalitusi". Lazima mtu ashuke chini, atembee mpaka kwenye shina, alipime upana kwenye kimo cha kifua, achukue mahali lilipo kwa GPS, aseme: huu ni mti fulani. Baada ya mamia ya miti kuitwa majina ndipo mashine inaweza kukisia iliyobaki. Kwa hiyo chini ya ile ndege ya gharama kubwa kuna mtu mwenye viatu vya matope anayejua majina. Akikosea yeye, ndege nayo inakosea, tena kwa eneo kubwa.

Nilitaka kujua kama mimi ningeiweza kazi hiyo. Siku moja nilimwomba nyanya tutembee ukingo wa msitu. Yeye ana miaka zaidi ya sabini na goti bovu. Mimi nina miaka ishirini na sita na mihula mitano ya jiografia. Kwenye hatua mia mbili hivi alitaja miti kumi na tisa kwa Kidawida, na upi unatuliza tumbo, upi hauwashi vizuri, upi nyuki wanaupenda. Mimi nilitaja minne, na mmoja nilikosea. Aliniangalia kwa huruma. "Na huko walikuwa wanakufundisha nini?"

Sikumjibu. Jibu la kweli lingetupeleka mahali ambapo wote wawili hatupendi kwenda. Karo ya mwaka wangu wa kwanza ilitoka kwa ile mikalitusi ya babu ya kando ya kijito. Mnunuzi alikuja na msumeno wa injini, ikaangushwa yote kwa siku mbili, ikaondoka kama nguzo. Mwaka wa pili tulichangiwa na ndugu. Mwaka wa tatu hapakuwa na cha kukata wala cha kuchanga, nikarudi nyumbani "kwa muda". Mwaka uliofuata nyanya aliona kijito kimeongezeka maji. Si sana, lakini alinionyesha jiwe ambalo zamani lilikuwa kavu Januari, sasa limelowa.

Kwa hiyo nikisoma kuhusu miti ya kigeni siwezi kujifanya niko upande wa msitu peke yake. Kwenye ramani ile ya ndege, mimi ni mmoja wa zile doa. Mikalitusi ilitupa paa, ikanipa mihula kadhaa, na ilikunywa kijito. Yote ni kweli kwa pamoja, kama zile asilimia mbili na hamsini.

Na leo swali lina pesa ndani yake. Chini yetu, kwenye ukanda wa Kasigau, uko mradi ambao mwaka 2011 ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa duniani kuuza kaboni ya msitu uliolindwa. Kupima misitu si udadisi wa maprofesa tena. Lakini kaboni haiulizi jina la mti. Mkalitusi mnene una kaboni nyingi, na mizani haitajua kwamba kurumbiza hawezi kuishi ndani yake. Hata takwimu za taifa zina milango miwili: tathmini ya mwaka 2021 ilisema miti imefunika asilimia 12.13 ya Kenya, ilhali misitu ni asilimia 8.83. Mwanasiasa atachagua ile kubwa. Na hata ndani ya ile ndogo, mikeka imo.

Sisemi ndege zinadanganya. Bila zile picha za 1955 tungekuwa bado tunabishana kama msitu ulifika kanisani. Ninachosema ni kwamba ndege hujibu ulichouliza. Aliyeuliza "kuna kijani kiasi gani?" alijibiwa asilimia 2. Aliyeuliza swali la nyanya alijibiwa nusu. Miaka hamsini ijayo mtu atapiga picha za hii miti bilioni 15, atazipachika juu ya zetu, na ataona tuliuliza lipi.

Ile miche mitano, basi, niliichunguza. Miwili ilikuwa grevilea, mmoja ulikuwa mparachichi, miwili mikalitusi. Nikamwambia nyanya, nikitarajia ataitupa ile miwili ya mwisho. Hakuitupa. Parachichi alipanda nyuma ya jiko, grevilea kwenye ua. Mikalitusi alinipa niipeleke juu kabisa, kwenye mawe, mbali na maji.

"Dada yako ameingia kidato cha pili," alisema. "Atataka karo."

Nilichimba mashimo mawili. Tulipomaliza alinituma msituni kuokota mbegu za mti mmoja ambao jina lake kwa Kiswahili silijui, za kupanda pale kijitoni ambapo mikalitusi ya babu ilikuwa. Nilirudi na mbegu zisizo zenyewe. Kesho yake tulienda wote.